Mtambo wa barua pepe ukikwama: jembe bovu au mkulima mzembe?

Kampuni inapotangaza kwamba mtambo wake wa barua pepe umekwama, wateja na wenye hisa huuliza swali moja: kosa ni la nani? Mara nyingi uongozi hujibu upesi kwamba programu iliyonunuliwa ni mbovu. Mtengenezaji wa programu naye hujibu kwamba programu ni nzima, ila haikufungwa wala kutunzwa inavyotakiwa. Katikati ya mabishano hayo yupo mwekezaji mdogo ambaye hisa zake zinashuka bei, na yupo mfanyabiashara ambaye oda zake zimekwama ndani ya mtambo huo. Wote wawili wanatakiwa kuamua kabla wakubwa hawajamaliza kulaumiana.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Usemi huo una ukweli mkubwa katika biashara ya kompyuta, kwa kuwa hasara nyingi zinazobebeshwa programu zimetokana na watu walioifunga vibaya au kuitelekeza baada ya kuifunga. Hata hivyo, yapo majembe yaliyotoka kiwandani yakiwa na ufa, na mkulima wa jembe kama hilo hastahili kulaumiwa peke yake. Somo la wiki hii linahusu namna ya kutofautisha mambo hayo mawili, na kwa nini tofauti hiyo ina thamani ya fedha.

Kazi ya mtambo

Mtambo wa barua pepe unafanana sana na ofisi ya posta. Kuna dirisha la kupokelea barua kutoka nje, kuna chumba cha kuchambulia barua na kuamua ziende wapi, na kuna masanduku ambamo barua hukaa hadi mwenyewe aje kuzichukua. Programu ndiyo inayoendesha kazi hizo zote. Miongoni mwa programu zinazojulikana zaidi ni Sendmail, iliyoandikwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley. Exim, iliyoanzishwa na Philip Hazel katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995. Qmail ya Daniel J. Bernstein, Postfix ya Wietse Venema, na Exchange ya kampuni ya Microsoft.

Programu peke yake haitoshi. Fundi anapoifunga hulazimika kuamua nani aruhusiwe kutuma, barua gani ikataliwe, nakala za akiba ziwekwe wapi na marekebisho mapya yaingizwe lini. Maamuzi hayo ndiyo utekelezaji. Ofisi mbili zinaweza kununua programu ileile siku ileile, moja ikafanya kazi miaka kumi bila tatizo na nyingine ikaanguka mwezi wa kwanza. Ikitokea hivyo, haki haitendeki kwa kuilaumu programu.

Swali la kwanza: je, na wengine wamekwama?

Kipimo rahisi kuliko vyote ni kuangalia majirani. Ikiwa kila anayetumia programu hiyo amekwama kwa wakati mmoja, kosa limetoka kiwandani.

Mfano ulio wazi ni wa Januari 1, 2022. Siku hiyo mitambo ya Exchange ya matoleo ya 2016 na 2019 ilianza kuzuia barua katika ofisi nyingi duniani, barua zikawa zinarundikana kwenye foleni bila kufika. Sababu ilikuwa ya hesabu tupu. Sehemu ya programu inayokagua virusi ilikuwa ikihifadhi tarehe kama namba moja ndefu yenye kikomo cha 2,147,483,647. Ulipoingia mwaka 2022 namba ya tarehe ikawa 2,201,010,001, ambayo ni kubwa kuliko kikomo hicho. Ukaguzi ukashindikana na barua zikasimama.

Katika tukio hilo hakuna fundi wa ofisini aliyekosea. Aliyefuata maelekezo yote na asiyefuata hata moja walikwama pamoja. Microsoft ilikiri tatizo na kutoa njia ya kulirekebisha. Mwenye hisa wa kampuni iliyokosa barua siku hiyo hakuwa na sababu ya kuupunguzia uongozi alama, isipokuwa kama wiki ilipita bila kuingiza dawa iliyokwisha kutolewa.

Swali la pili: je, dawa ilikuwepo?

Kinyume chake ni pale ambapo tundu lilikuwepo, dawa ikatolewa, na mwenye mtambo hakuitumia. Juni 2019 wataalamu wa kampuni ya Qualys walitangaza tundu kubwa katika Exim, lililoyahusu matoleo ya 4.87 hadi 4.91. Toleo la 4.92, ambalo halikuwa na tundu hilo, lilikuwa limetoka tangu Februari mwaka huohuo. Kwa maneno mengine, ofisi iliyokuwa na desturi ya kuingiza matoleo mapya ilikuwa salama hata kabla ya hatari kutangazwa.

Lakini Mei 2020, karibu mwaka mzima baadaye, Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, lilitoa onyo kwamba wadukuzi wa jeshi la Urusi walikuwa wakilitumia tundu hilohilo tangu angalau Agosti 2019. Kwa miezi miwili ya mwanzo mtu angeweza kusema programu ilikuwa na kasoro. Baada ya mwaka, neno la haki ni uzembe.

Hapa ndipo mwekezaji anapotakiwa kuhesabu siku. Kati ya siku dawa ilipotolewa na siku hasara ilipotokea zimepita siku ngapi? Zikiwa mbili au tatu, fundi ana cha kujitetea, kwa kuwa dawa nayo hutakiwa kujaribiwa kabla ya kuingizwa katika mtambo unaofanya kazi. Zikiwa mia tatu, hakuna utetezi.

Swali la tatu: programu ilitoka kiwandani ikiwa imepangwaje?

Kuna kosa la kati, ambalo pande zote mbili hupenda kulikana. Mtengenezaji huiacha programu ikiwa na milango wazi ili iwe rahisi kufungwa, na mnunuzi huiacha hivyohivyo kwa kudhani kwamba mwenye kiwanda anajua zaidi.

Sendmail ilipata jina baya kwa njia hiyo. Novemba 2, 1988, mdudu wa kompyuta aliyeandikwa na mwanafunzi Robert Morris alienea katika mtandao wa wakati huo. Mojawapo ya njia alizopita ilikuwa ni kipengele cha Sendmail kilichowekwa kwa ajili ya majaribio ya mafundi, ambacho kiliachwa kikiwa hai katika mitambo mingi iliyouzwa. Kipengele hicho hakikuwa na kazi yoyote kwa mteja wa kawaida.

Miaka ya 1990 likaja tatizo jingine. Mitambo mingi ilikubali kupeleka barua ya mtu yeyote kwenda kwa mtu yeyote, hata kama wote wawili hawakuwa wateja wake. Ukarimu huo ulifaa wakati mtandao ukiwa wa vyuo vikuu na watu wanaojuana. Walipoingia watuma matangazo yasiyotakiwa, mitambo hiyo iligeuzwa punda wao. Wenye mitambo wakajikuta wameandikwa katika orodha za wasiotakiwa, na barua zao halali zikakataliwa kila mahali. Mwaka 1998 toleo la 8.9 la Sendmail likabadilisha mpangilio wa kiwandani, na tangu hapo mlango huo hufungwa hadi fundi aufungue mwenyewe.

Hukumu ya haki katika jambo hili inabadilika na wakati. Kabla ya mwaka 1998 lawama iligawanywa. Fundi aliyeufungua mlango kwa mkono wake baada ya hapo hakuwa na wa kumsingizia.

Swali la nne: je, usalama ulitegemea sharti lililofichika?

Mwaka 1997 Bernstein, mwandishi wa qmail, aliahidi dola 500 kwa mtu wa kwanza atakayeonyesha tundu la usalama katika programu yake. qmail ikajijengea heshima kubwa. Mwaka 2005 mtafiti Georgi Guninski alionyesha makosa ya hesabu yanayoweza kujitokeza iwapo programu itapewa kumbukumbu nyingi sana ya kompyuta. Bernstein hakukubali kuwa hilo ni tundu, kwa hoja kwamba hakuna anayetoa kumbukumbu nyingi kiasi hicho kwa kazi hiyo, na kwamba mfungaji huweka kikomo.

Mei 2020 Qualys walirudi kwenye makosa yaleyale na kuonyesha kwamba sehemu nyingine ya qmail, inayofikisha barua kwa mtumiaji, haikuwekewa kikomo chochote katika ufungaji wa kawaida, na hivyo tundu lingeweza kutumika kutoka mbali.

Fundisho lake ni kwamba mtengenezaji anaposema programu yake ni salama ikifungwa vizuri, msikilizaji aulize neno vizuri lina maana gani na limeandikwa wapi. Sharti ambalo mnunuzi wa kawaida hawezi kuliona si sharti la haki. Jembe linalofaa katika udongo wa aina moja tu linatakiwa kuuzwa likiwa na maelezo hayo.

Mfano mkubwa: Rackspace, Desemba 2022

Maswali hayo manne yakikusanywa yanaweza kupimwa kwa tukio lililowagusa moja kwa moja wenye hisa. Rackspace Technology ni kampuni ya Texas, Marekani, iliyoorodheshwa Nasdaq Agosti 2020 kwa bei ya dola 21 kwa hisa. Miongoni mwa huduma zake ilikuwa ni kuwaendeshea wateja barua pepe kwa kutumia programu ya Exchange. Wateja wa huduma hiyo walikuwa karibu 30,000, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wadogo na wa kati.

Ijumaa ya Desemba 2, 2022 wateja walishindwa kufungua barua zao. Siku nne baadaye kampuni ilithibitisha kwamba imevamiwa na wahalifu wanaofunga data na kudai kikombozi. Kundi lililohusika baadaye lilitajwa kuwa ni Play. Kwa mwenye duka anayepokea oda za sikukuu kwa barua pepe, hilo lilikuwa pigo katika mwezi mbaya kuliko yote. Barua za zamani, ankara na mapatano ya bei vilikuwa ndani ya mtambo uliofungwa.

Lawama zikaanza. Septemba mwaka huo matundu mawili ya Exchange yalikuwa yametangazwa. Kwa kuwa dawa kamili haikuwa tayari, Microsoft ilitoa kinga ya muda. Novemba 8, 2022 dawa kamili ikatoka, ikiwa pamoja na marekebisho ya tundu jingine lililopewa namba CVE-2022-41080. Rackspace ilikuwa imeweka kinga ya muda lakini haikuingiza dawa ya Novemba, kwa maelezo kwamba kulikuwa na taarifa za dawa hiyo kuwasumbua watumiaji wakati wa kuingia katika mtambo. Uchunguzi wa kampuni ya CrowdStrike ulionyesha kwamba wavamizi walipitia tundu hilo la tatu, na kwa njia hiyo wakaizunguka kinga ya muda.

Rackspace ilijitetea kwamba Microsoft ilikuwa imelieleza tundu hilo kuwa ni la mtu aliyekwisha kuingia kujiongezea madaraka, bila kutaja kwamba linaweza kuwa sehemu ya njia ya kuuendesha mtambo kutoka mbali. Upande wa pili ulijibu kwamba aliyeingiza dawa alikuwa amekingwa.

Tuyapitishe maswali. Je, wengine walikwama? Waliokuwa hatarini ni wale wasioingiza dawa, si wote. Je, dawa ilikuwepo? Ndiyo, kwa siku 24. Je, mpangilio wa kiwandani ulichangia? Si sana, tundu lilikuwa ndani ya programu yenyewe. Je, kulikuwa na jambo lililofichika? Ndiyo, kwa kiasi fulani, kwa kuwa maelezo ya hatari hayakuwa kamili.

Kwa mizani hiyo, kuwepo kwa tundu ni deni la mtengenezaji, na upungufu wa maelezo pia ni wake. Lakini kukaa siku 24 bila dawa, kwa kampuni ambayo biashara yake ni kuwatunzia wengine mitambo, ni deni la mwendeshaji. Mteja alilipa ili uamuzi huo ufanywe na mtu anayeujua. Mwenye ofisi ya watu watano akichelewa siku 24 anaweza kusamehewa, lakini aliyechukua ada za wateja 30,000 ana kipimo kingine.

Hesabu ya mwenye hisa

Jumatatu ya Desemba 5 hisa za Rackspace zilianguka kwa zaidi ya asilimia 10. Aliyeuza siku hiyo aliuza kwa hofu. Swali ni kama hofu hiyo ilikuwa na kipimo sahihi.

Kampuni ilieleza kwamba huduma hiyo ilikuwa ikiingiza takriban dola milioni 30 kwa mwaka, katika kampuni yenye mapato ya jumla ya dola bilioni 3 na ushee. Hiyo ni karibu asilimia 1. Baadaye, katika taarifa za mwaka 2023, gharama zilizotokana na tukio hilo zilionekana kuzidi dola milioni 10, sehemu yake ikirudishwa na bima. Kwa namba hizo peke yake, uvamizi haukuwa wa kuiangusha kampuni.

Lakini mwekezaji makini hakuishia hapo. Kabla ya tukio, mwishoni mwa Novemba 2022, hisa iliyouzwa kwa dola 21 mwaka 2020 ilikuwa tayari chini ya dola 6. Mtendaji mkuu alikuwa amebadilishwa Septemba. Kwa hiyo aliyeulaumu mtambo wa barua pepe kwa hasara yake yote alikosea, kwani sehemu kubwa ya hasara ilikuwa imeingia kabla ya wavamizi. Aliyesema tukio ni la asilimia 1 tu naye alikosea, kwa sababu kampuni inayouza uaminifu hupoteza zaidi ya mapato ya huduma iliyoanguka. Kesi za wateja zilifunguliwa katika mahakama ya shirikisho ya Texas mwezi huohuo.

Uchunguzi uliotangazwa Januari 2023 ulisema wavamizi walifikia data za wateja 27 kati ya wote. Rackspace haikuujenga upya mtambo ule. Wateja walihamishiwa Microsoft 365, huduma inayoendeshwa na Microsoft yenyewe, jambo ambalo kampuni ilisema lilikuwa katika mipango yake tangu awali. Mwenye kiwanda cha jembe lililolaumiwa akaishia kupata wakulima wapya. Soko halikulikataa jembe, lilimbadilisha aliyelishika.

Kwa mfanyabiashara mdogo

Mfanyabiashara anayetaka kununua huduma ya barua pepe, au mwekezaji anayesoma taarifa ya mwaka ya kampuni inayoitoa, anaweza kuuliza mambo yafuatayo kabla hajatoa fedha:

1. Toleo la programu linalotumika bado linahudumiwa na mtengenezaji? Mathalani, Microsoft ilisitisha huduma kwa Exchange 2016 na 2019 Oktoba 14, 2025. Anayeendelea nazo bila mpango maalumu amejitwika hatari mwenyewe.

2. Dawa mpya huingizwa baada ya siku ngapi, na nani huamua kuichelewesha? Jibu la kwamba mafundi wanajua si jibu. Siku zitajwe kwa namba.

3. Nakala za akiba zinakaa wapi? Nakala iliyo ndani ya mtambo uleule hufungwa pamoja nao. Mwaka 2022 wateja waliokuwa na nakala zao wenyewe nje ya mtambo hawakuhitaji kusubiri.

4. Mkataba unasema nini mtambo ukisimama? Mikataba mingi hurudisha ada ya siku zilizopotea tu, si oda zilizopotea.

5. Barua zinazokataliwa zinakataliwa kwa sababu gani? Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinawataka watumaji wa barua nyingi kuthibitisha kwamba barua ni zao kweli. Google imeweka mpaka wa barua 5,000 kwa siku. Ofisi ambayo matangazo yake hayafiki kwa sababu hiyo isibadilishe programu kwa gharama kubwa. Kinachohitajika ni fundi kuandika uthibitisho huo katika kumbukumbu za jina la mtandao la kampuni, kazi ambayo haihitaji mtambo mpya.

Jambo hilo la mwisho linastahili kutiliwa mkazo, kwa kuwa lawama iliyoelekezwa pasipo hugeuka gharama ya pili. Kampuni inayotupa programu nzima kwa sababu ya ufungaji mbaya hununua nyingine, huifunga kwa mikono ileile na kupata matokeo yaleyale, huku fedha za wenye hisa zikiwa zimetumika mara mbili. Kadhalika, kampuni inayowafukuza mafundi kwa kosa lililotoka kiwandani hupoteza watu wanaoujua mtambo, na hubaki na kasoro ileile.

Uongozi ukitoa taarifa ya kukwama kwa mtambo, msomaji atafute ndani yake tarehe tatu: siku tundu lilipojulikana, siku dawa ilipotoka na siku dawa ilipoingizwa. Taarifa yenye tarehe zote tatu imeandikwa na watu wanaotaka kupimwa. Taarifa isiyo na hata moja, inayolitaja jina la programu kila mstari, inatosha kumfanya mwenye hisa aitafute simu ya dalali wake kabla soko halijafunguliwa.